Upana Usiolemea

Juu ya kabati la kioo katika duka moja la Kariakoo, kati ya chaja zilizofungwa kwa mipira na mikoba iliyoning'inizwa, umewekwa mpakato mpana kuliko wenzake wote. Kioo chake ni cha inchi 17, na kwa upana ule mtu akiutazama tu anauona mzigo. Mteja anasogea, anakaza mkono kama anayejiandaa kubeba, kisha anaunyanyua na mkono unapaa. Unapita pale alipotaka ufike. Anacheka, anaurudisha, anaunyanyua tena, halafu anamgeukia aliyekuja naye: "Hebu shika hii!" Mwenzake anashika, na mkono wake nao unapaa. Nilikuwa nimesimama pembeni nikisubiri chaja itafutwe stoo, nikawa naiangalia mikono ile, ya wanaume na ya wanawake, ya vijana na ya mzee mmoja aliyevaa kanzu, yote ikidanganyika namna moja. Chema chajiuza, na kijana wa dukani alilijua hilo, hakusema neno.

Udanganyifu huo una historia yake. Mwaka 1891 daktari wa Kifaransa, Augustin Charpentier, aliandika juu ya vitu viwili vyenye uzito sawa lakini vinavyotofautiana ukubwa: mtu akivinyanyua, kile kikubwa hukihisi kuwa chepesi kuliko kidogo. Mwonyeshe mizani, atakubali. Mwambie ukweli wote, ataelewa. Kisha akinyanyua tena atahisi vilevile. Waliokuja kulichunguza jambo hilo karne moja baadaye waliona la ajabu zaidi, kwamba baada ya kunyanyua mara kadhaa vidole hujirekebisha na kutumia nguvu sawasawa kwa vitu vyote viwili, lakini ile hisia ya wepesi haiondoki. Mkono umeshaujua ukweli, mwenye mkono bado. Naona ni vizuri kuanzia hapa, kabla ya prosesa na kumbukumbu na bei, kwa sababu dukani tunanunua hisia kwanza na mengine tunayatafutia sababu baadaye. Gramu 1,340 zilizotandazwa kwenye mwili mpana huhisiwa kuwa pungufu kuliko gramu hizohizo zilizobanwa kwenye mashine ndogo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mpakato ulio juu ya kabati la duka bado ni mzigo wa mwenzio. Hakuna aliyekwisha kuuvaa begani kutoka Mbagala mpaka Posta, amesimama kwenye daladala, mkono mmoja juu ya bomba na mwingine ukilinda mfuko.

Hizo gramu 1,340 sikuzitaja ovyo. Ndio uzito wa LG Gram ya inchi 17 ilipoingia sokoni mwaka 2019. Kampuni hiyo ya Korea Kusini ilikuwa imeanza mwaka 2014 na mashine ya inchi 13 yenye gramu 980, kisha ikaendelea kupanua kioo bila kuuachia uzito upande kwa kasi ileile. Kuuelewa umbali uliotembewa, kumbuka kwamba mwaka 2003 Apple ilipoonyesha PowerBook yake ya inchi 17, ilikuwa na kilo 3 na ushei, na watu waliishangilia. Mwaka 2008 Steve Jobs aliitoa MacBook Air ya kwanza ndani ya bahasha ya ofisini mbele ya umati. Ilikuwa na inchi 13 na kilo 1.36. Baada ya miaka 11 tu, kioo kilikuwa kimeongezeka karibu inchi 4 huku uzito ukiwa chini kidogo ya ule wa bahasha. Hakuna muujiza uliotendeka katikati. Kuna magnesiamu, ambayo uzito wake ni kama theluthi mbili ya ule wa alumini ya ujazo uleule. Kuna kioo kilichofanywa chembamba, kingo zilizokatwa mpaka zikawa uzi, betri zilizojifunza kubeba umeme mwingi katika mwili mdogo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hupunguzwa vivyo hivyo, gramu mbili huku na gramu tano kule, hadi siku moja mzee wa kanzu ananyanyua na mkono wake unapaa.

Tamaa ya kubeba ukurasa mpana bila kulemewa ni ya kale kuliko mashine hizi. Mwaka 1972, Alan Kay, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, aliandika pendekezo la kompyuta ya watoto wa umri wote. Akaiita Dynabook. Alitaka iwe na ukubwa wa daftari, uzito usiofika ratili 4, yaani kama kilo 1.8, na kioo chenye kuonyesha maandishi mengi kama ukurasa wa kitabu. Pendekezo lake linaanza na watoto wawili wamekaa kwenye nyasi za bustani wakicheza na mashine zao, nje kabisa, mbali na meza na soketi. Wakati huo kompyuta ilikuwa kitu cha kuwekewa chumba. Kay aliona mbele ya wenzake kwamba siku moja watu wangeishi na mashine, na anayeishi na kitu hukitaka kimfuate popote anapoketi.

Njia ya kufika kwenye zile nyasi ilikuwa ndefu, na mwanzoni kila hatua ilidai mtu achague moja. Osborne 1 ya mwaka 1981 ilikuwa na mkono wa kubebea na ilitosha chini ya kiti cha ndege, ikauzwa kama kompyuta ya kusafiri nayo. Ilikuwa na karibu kilo 11. Kioo chake kilikuwa cha inchi 5, kikionyesha herufi 52 tu kwa mstari, na mwandishi aliyetaka kuuona mwisho wa mstari mrefu alilazimika kulisogeza dirisha kwenda kulia, kisha alirudishe kushoto ili akumbuke alichoanza nacho. Betri haikuwamo. Mwaka uliofuata ikaja GRiD Compass, yenye mwili wa magnesiamu na kioo kinachofunika kibodi kama jalada, mashine ya zaidi ya dola 8,000 ambayo hatimaye ilipelekwa hata angani na wanaanga wa Marekani. Huyo ndiye babu wa huu mpakato wa Kariakoo. Umbo ni lake na madini ni yake. Nikimfikiria mwandishi wa ile Osborne, naona jambo ambalo vipimo havilisemi. Macho yake yalikuwa yakichungulia kazi kwenye tundu. Hakupata kuuona ukurasa wake mzima, na asiyeuona ukurasa mzima huufikiri kwa vipande.

Pwani yetu ililijibu swali la upana na wepesi zamani, kwa mkeka. Mwanamke wa Pemba huchukua ukindu, akauchana, akautia rangi, akasuka ukili mwembamba mrefu, kisha akaushona ukili kwa ukili mpaka ukawa uwanja wa kulala watu watatu. Ukiutandaza ni sebule. Ukiukunja ni mzigo wa mtoto, unatiwa kwapani na kupelekwa msibani, harusini, chini ya mwembe. Siri ya mkeka ni kukubali kukunjika kila mahali, na hilo ndilo ambalo kioo kimelikataa kwa muda wote huu. Mpakato hujikunja mara moja tu, kwenye bawaba. Upana wake ukiwa wazi ni upana uleule ukiwa umefungwa. Mhandisi wa kioo kipana hawezi kukuficha ukubwa; anachoweza ni kukupunguzia uzito, na sentimita 38 za ubavu unabeba hivyohivyo. Mwezi Januari 2025, huko Las Vegas, Lenovo walionyesha ThinkBook ambayo kioo chake kinajikunjua kwa mota, kikipanda kutoka inchi 14 hadi 16.7. Hapo mkeka umeingia ndani ya mashine. Lakini mota na reli zake zina uzito: mashine hiyo ina karibu kilo 1.7, na bei iliyotangazwa ilianzia karibu dola 3,500. Mwenye kuweza kukunja kioo ameulipia mkunjo huo kwa bega na kwa mfuko, na bado ile ya 2019 isiyokunjika ni nyepesi kuliko yake.

Basi upana wenyewe unampa nini mtu? Nianze na kazi niijuayo, kazi ya maneno. Kioo cha inchi 17 chenye umbo la 16 kwa 10 kina upana wa karibu sentimita 37 na kimo cha karibu 23. Ukikigawa katikati, kila nusu inapata sentimita 18 na ushei, kiasi kwamba upana wa ukurasa wa A4 unakaa humo ukiwa umepungua kidogo tu, herufi zake zikisomeka bila kukunja uso. Kushoto unaweka matini ya asili, kulia unaweka tafsiri yako. Asiyefanya kazi hii anaweza kudhani ni starehe ndogo. Anayeifanya anajua kwamba sentensi ndefu ya mwandishi wa kigeni, yenye vishazi vilivyobebana, haivushwi kwa kukumbuka. Huvushwa kwa kuitazama huku mkono ukiandika, jicho likienda na kurudi, likikamata kielezi kilichosahaulika, likigundua kwamba kiwakilishi cha mwisho kinarejelea nomino ya mstari wa tatu. Kwenye kioo kidogo dirisha moja hufunika jingine, na kila unapohama unapoteza chembe ya ulichokuwa umekishika akilini. Chembe zile hazipigi kelele zikianguka. Unaziona jioni, unaposoma ulichotafsiri na kukuta aya nzima imenyooka kuliko ilivyopaswa kunyooka. Mhariri anayelinganisha rasimu mbili, wakili mwenye mkataba wa zamani na mpya, mwanafunzi wa uzamili mwenye makala upande mmoja na tasnifu upande wa pili, wote hawa wanafanya kazi ya namna moja, kazi ya kuweka vitu viwili mbele ya macho mamoja kwa wakati mmoja.

Na kimo nacho kina neno lake. Kwa miaka mingi viwanda vya vioo vilifuata umbo la televisheni, 16 kwa 9, umbo zuri kwa sinema na la taabu kwa msomaji. Kioo cha inchi 14 cha umbo hilo kina kimo cha sentimita 17 na ushei. Sentimita 5 na nusu za nyongeza ni mistari mingi ya maandishi chini ya macho. Ni hoja inayoanza na kuisha bila kusogezwa.

Mhasibu atakuambia habari nyingine. Kwake upana ni miezi 12. Januari mpaka Desemba, na safu ya jumla pembeni, vyote vionekane kwa pamoja, ili namba iliyoruka mwezi wa Agosti ijulikane kwa kutazama tu jinsi isivyofanana na jirani zake. Tena mashine hii ya inchi 17 ina pedi ya namba upande wa kulia wa kibodi, nayo kwa mtu wa hesabu ni nusu ya mshahara. Vidole vitatu vinashuka na kupanda bila macho kutoka kwenye risiti. Lakini pedi hiyohiyo humsumbua mwandishi. Ili ipate nafasi, herufi zimesukumwa kushoto, kwa hiyo anayeandika huketi amejisogeza, kifua chake hakiko katikati ya kioo. Ukiandika barua fupi hulioni. Ukiandika kutwa, shingo inaliona. Hakuna chema kisichokuwa na ila, na ila hii naitaja kwa sababu haimo kwenye karatasi za sifa na kwa sababu inamchagua mtu: mwenye namba aifurahie, mwenye maneno aipime kwanza kwa kuketi na kuandika ukurasa.

Lakini upana ninaoupenda zaidi ni ule wa kutazama pamoja. Simu ni kioo cha mtu mmoja, na kadiri miaka inavyokwenda tumezoea chumba chenye watu watano na vioo vitano, kila mmoja akicheka kwa wakati wake. Mpakato mpana ukiwekwa juu ya stuli, watoto wawili chini sakafuni, mama kwenye kochi, baba amesimama mlangoni, sinema moja inatosha kwa wote. Mwalimu asiye na projekta huuweka juu ya dawati, wanafunzi sita wakazunguka, na mchoro wa moyo wa binadamu ukaonekana kwa aliye nyuma pia. Kikundi cha wanachuo wanaoandika kazi moja hawahitaji kupokezana. Wanabishana wote wakiutazama mstari uleule. Na kuna wazee. Mtu akipita miaka 40, lenzi ya jicho huwa imekakamaa, na herufi za karibu huanza kukimbia. Kwenye kioo kidogo, ukizikuza herufi, sentensi hukatika kila baada ya maneno matatu, na msomaji anakuwa yule mtu wa Osborne tena, akichungulia kwenye tundu. Kwenye kioo kipana herufi zinakuzwa na mstari unabaki mstari. Bibi wa Unguja mwenye wajukuu Muskati anaweza kuwaona wote wanne kwenye simu ya video moja, kila uso ukiwa na ukubwa wa kutosha kumwambia nani amekonda. Kwa bibi huyo mashine nzima ni hilo tu, na sioni kwa nini sababu yake ihesabiwe kuwa ndogo kuliko ya mhasibu.

Upana huohuo, ukitoka nao nje, hubadilika tabia. Macho hayana pazia. Tangu treni ya SGR ya Dar es Salaam hadi Dodoma ianze kubeba abiria mwaka 2024, nimewaona watu wakifungua mipakato yao kabla ya Pugu, na anayefungua inchi 17 huwa amewafungulia na majirani. Barua ya kuomba mkopo, orodha ya mishahara, picha za mgonjwa, vyote viko wazi kwa aliye pembeni na kwa anayepita kuelekea mlangoni. Ndani ya ndege tabu ni nyingine: meza ya kiti ni finyu, na wa mbele akikilaza kiti chake, jalada la kioo kikubwa halipati pembe ya kusimama. Juani, matoleo ya mwanzo ya LG Gram hii yenye kioo cha kung'aa hukuonyesha uso wako na mawingu. Ya baadaye, kuanzia 2022, yalipewa kioo kisichoakisi, na huo ni uungwana mkubwa kwa nchi zenye jua kama letu. Ukweli ni kwamba mashine hii inabebeka kwa urahisi kuliko inavyofunguka. Begani inakubali popote. Magotini inataka nafasi. Anayefanya kazi kwenye kiti cha basi, kwenye benchi la kliniki, kwenye meza ya mgahawa yenye chai na sahani ya vitumbua, atautumia wepesi wake na kuulaani upana wake. Kwake inchi 13 au 14 ni heri.

Wepesi nao tusiusifu bila kuuhoji. Tumelelewa kuamini kwamba kilicho imara ni kizito. Mlango wa mninga, sufuria nene, godoro lisiloinuka kwa mtu mmoja. Ndiyo maana wapo wanaounyanyua mpakato huu, wakashangaa, kisha wakaingiwa na shaka: ndani kuna kitu kweli? Bonyeza katikati ya kibodi, utaona inabonyea kidogo. Shika pembe mbili za jalada uzipinde, litapinda kuliko unavyopenda. Mtengenezaji anasema mashine imepita majaribio ya viwango vya kijeshi vya Marekani, na kupinda kwenyewe si kuvunjika, mnazi hupinda. Hata hivyo mimi nisingeubana kwenye buti ya basi la mkoani chini ya gunia la viazi, wala nisingemruhusu mtu auegemee ndani ya mkoba laini. Mpakato mzito wa zamani uliyasamehe haya. Huu unadai mwenye nao awe na adabu fulani ya mikono, mkoba wenye ukuta, mahali pake pa kulala usiku. Wepesi umeuhamisha uzito kutoka begani ukauweka kwenye uangalifu, na kila mtu ajiulize ana kiasi gani cha uangalifu cha kutumia kila siku, hasa nyumba ikiwa na watoto.

Kuhusu nguvu sitakaa sana. Ile ya 2019 ilitumia prosesa za Intel za wati 15, haikuwa na kadi ya picha ya peke yake, na mwili mwembamba hauna pa kuweka joto. Kwa maandishi, hesabu, barua pepe, mikutano ya video na filamu, inatosha na kubaki. Kwa kijana anayekata video za harusi kutwa kucha, au anayechora majengo ya pande zote, kioo kile kitamvuta na injini itamwangusha. Yeye anunue mashine nene yenye feni kubwa, aukubali uzito wake kama mwashi anavyoukubali uzito wa nyundo. Betri ndiyo iliyonifurahisha. Ya kwanza ilikuwa na wati-saa 72, na mwaka uliofuata ikapandishwa hadi 80, nyingi kwa mashine ya uzito huo, huku mpaka wa betri ya kupanda nayo ndege bila ruhusa maalumu ya shirika ukiwa wati-saa 100. Pale umeme unapokatika asubuhi na kurudi jioni, tofauti kati ya mpakato wa saa 3 na wa siku nzima ni tofauti kati ya kazi iliyokabidhiwa na simu ya kuomba radhi. Na kwa kuwa unakubali kuchajiwa kwa waya wa USB-C, chaja moja yenye nguvu ya kutosha huhudumia mashine na simu, na kitu kimoja kinapungua kwenye mkoba.

Huo mkoba ndio mahakama yenyewe. Tunapima mpakato peke yake kana kwamba mtu hutembea na mpakato tu. Ndani kuna chaja, mausi, daftari, chupa ya maji, mwavuli majira ya masika, chakula cha mchana kwenye hotpoti, pengine na kitabu cha mtoto kilichosahaulika nyumbani. Ukiondoa kilo moja na nusu kwenye mashine, yaani ukitoka kwenye inchi 17 ya zamani hadi hii, umeondoa uzito wa chupa ya lita moja na nusu iliyojaa maji. Mhadhiri anayepanda ghorofa tatu kila siku ataihisi tofauti hiyo magotini. Mwanafunzi anayetembea kutoka kituoni mpaka darasani ataihisi katika namna anavyofika, akiwa na pumzi au hana. Mwenye ofisi na meza yake, anayefika kwa gari lake na kuuacha mpakato mezani mpaka jioni, hataihisi kabisa, na kwa heshima zote sioni sababu ya yeye kuilipia.

Kwa maana gharama ipo, na Nyerere alishatuambia kupanga ni kuchagua. Katika maduka yaleyale kuna mipakato ya ofisini iliyotumika, mingi ikipitia Dubai: EliteBook za inchi 14, Latitude za inchi 14, mashine ngumu, zenye vipuri kila kona ya mtaa na mafundi wanaozijua kwa kupapasa. Nyingi zina karibu kilo moja na nusu au zaidi, kwa hiyo ni nzito kuliko ile ya inchi 17, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mashine mpya. Mtu akinunua moja ya hizo, akaweka nyumbani kioo cha kusimama cha inchi 22 au 24, amepata upana mkubwa zaidi kwa pesa kidogo, alimradi upana wake anautaka sehemu moja tu. Hapo ndipo ninapopata swali la kumuuliza kila anayeniomba ushauri, nami huliuliza kabla ya kutaja jina la mashine yoyote: unauhitaji ukurasa mpana sehemu ngapi? Akijibu moja, namwelekeza kwenye kioo cha mezani. Akijibu kwamba anafanya kazi nyumbani asubuhi, maktaba mchana, kwa mteja jioni, na kila mahali anahitaji kurasa mbili mbele yake, huyo ndiye ambaye wale wahandisi walikuwa wakimpunguzia gramu mbili mbili. Tangu Juni 2023 ana chaguo jingine pia, MacBook Air ya inchi 15 yenye kilo 1.51, ngumu zaidi mwilini, isiyo na feni, finyu zaidi kiooni. Ningemwambia azishike zote mbili, kisha asiuamini mkono wake.

Hukumu yangu ni hii. Kwa mfasiri, mhariri, mhasibu anayezungukia wateja, mwalimu asiye na projekta na mzee anayetaka kusoma bila kuchungulia, inchi 17 ndani ya kilo 1.35 ni neema ya kweli na bei yake inalipika. Kwa msafiri wa viti finyu, kwa mkataji wa video, kwa nyumba yenye mikono mingi midogo, hapana. Na ninalo ombi kwa wauzaji wa Kariakoo, wa Luthuli Nairobi, na popote mipakato inapopangwa juu ya vioo. Vibandiko vyenu hutaja prosesa, kumbukumbu, diski na inchi. Mara nyingi uzito haumo. Andikeni gramu, pamoja na za chaja, mteja azisome kabla hajanyanyua. Na wewe unayekwenda kununua, nenda na mkoba wako uleule wa kila siku ukiwa na vitu vyake vyote ndani. Omba mashine na chaja yake vitiwe humo, uvae mgongoni, na ubaki umeuvaa muda wote mnapopatana bei.